Barua ya Wazi kwa Magavana Sita wa Pwani: Mpaka wa Kaunti Usiwe Forodha

Kwa Waheshimiwa Magavana wa Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta,



Nawaandikia nyote sita barua moja kwa kuwa haja yangu haiwezi kutimizwa na mmoja wenu peke yake. Kila mmoja ana bunge lake, bajeti yake na wapiga kura wake wa kuwajibu, na hilo nalielewa. Lakini maisha ya watu mnaowaongoza hayakugawanywa hivyo. Mwembe uko Tana, soko liko Kongowea. Chemchemi iko Tsavo, mfereji uko Changamwe. Mgonjwa amelazwa Mombasa, jamaa zake wanachangishana Lunga Lunga. Sensa ya 2019 ilituhesabu zaidi ya watu milioni 4.3 katika kaunti zenu sita, na wengi wetu huvuka mpaka wa kaunti bila hata kujua, hadi tukutane na mtu aliyeshika kitabu cha risiti.

Ugatuzi nautetea. Tangu serikali za kaunti zianze kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, Pwani imeona zahanati zikifunguliwa vijijini, shule za chekechea zikipata walimu, na ofisi ya serikali ikisogea karibu na mtu wa Garsen au Kinango ambaye zamani alilazimika kulala safarini ili amwone afisa wa mkoa. Hakuna anayetaka kurudi huko. Ninachokililia ni kwamba tulipogawana mamlaka tuligawana pia uchumi ambao haugawiki, na sasa kila kaunti inauvuta upande wake.

Mnayo tayari Jumuiya ya Kaunti za Pwani. Ina jina zuri, ina sekretarieti, ina mpango wa maendeleo ulioandikwa na wataalamu. Kinachokosekana ni nguvu ya sheria. Azimio la magavana kwenye hoteli halimfungi afisa wa mapato aliye kizuizini, wala halimfungi gavana atakayekuja baadaye. Ombi langu, na ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu, ni hili: tungeni sheria moja ya ushirikiano, ipitishwe kwa maneno yale yale na mabunge yote sita ya kaunti, na ianze na mambo matatu ambayo watu wanaumia nayo kila siku, yaani ushuru wa mazao, maji na viwanda.

Ushuru wa mazao ndio unaomfikia mkulima kila msimu, kwa hiyo nautanguliza. Msimu mmoja wa maembe nilisimama kwenye kizuizi cha kaunti ambayo siitaji, kwa kuwa tabia hii si ya kaunti moja. Lori lilikuwa limetoka upande wa Tana likiwa na maembe ya ngowe yaliyotandikiwa nyasi kavu, turubai limefungwa nusu ili hewa ipite. Dereva alitoa risiti ya kule alikopakia. Askari wa kaunti aliitazama, akamrudishia, akamwambia hiyo ni ya huko, hapa ni kwingine. Mwenye mali, mama wa makamo aliyekaa kiti cha mbele, akashuka kubembeleza. Hakukataa kulipa. Alichoomba ni kulipa akishauza, maana pesa zake zote zilikuwa zimeishia kwenye kununua maembe na kukodi gari. Ilikuwa saa saba mchana. Utingo alipanda juu ya mzigo akawa anageuza maembe ya tabaka la juu, yale yaliyoanza kulainika anayatenga kwenye kreti pembeni. Walipokubaliwa kuondoka, baada ya pesa kutumwa kwa simu na ndugu wa yule mama, ile kreti ilikuwa imejaa. Na mbele yao kulikuwa bado na ada ya kuingiza na kushusha mzigo sokoni.

Waheshimiwa, tusidanganyane kuhusu anayelipa. Yule mama anajua vizuizi vyote vya njiani kabla hajaondoka nyumbani, na huvipiga hesabu akiwa shambani, chini ya mwembe, anapotaja bei. Kila risiti inayoongezwa barabarani inapunguzwa kwenye mkono wa mkulima. Mkulima mwenyewe hana la kufanya kwa sababu embe halingoji; mara nyingi ameshauza matunda ya mti mzima kwa dalali yangali maua, kwa kuwa karo ya shule ilimbana. Kwa hiyo kaunti inayomtoza mchuuzi wa kaunti jirani inamtoza mkulima wa jirani, na jirani naye anamtoza wa kwake. Mwisho wa mwaka makusanyo yanasomwa bungeni kama mafanikio, na mwembe uliokauka haupandiwi mwingine mahali pake.

Katiba haikuliacha jambo hili wazi. Kifungu cha 209(5) kinasema mamlaka ya kaunti ya kutoza kodi na ada yasitumiwe kwa namna inayodhuru shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka ya kaunti, wala kuzuia bidhaa, huduma, mtaji na kazi kuzunguka nchini. Tumewahi kuona hapa hapa Pwani mvutano huo ukifika mbali: mzozo wa ushuru wa kupitisha madini ya Kwale Mombasa ulipanda ngazi za mahakama hadi Mahakama ya Juu. Kampuni ya madini ina mawakili. Mama wa maembe hana. Kama kampuni kubwa ililazimika kwenda hadi huko ili ijue inadaiwa nini na nani, huyu mwenye lori la kukodi atakwenda wapi?

Majirani zetu wa Tanga na mikoa mingine ya Tanzania walikuwa na kilio hiki hiki, na serikali yao ikakijibu. Katika bajeti ya 2017/18 ushuru wa mazao unaotozwa na halmashauri ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Pia mkulima anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaondolewa ushuru huo. Huko amri ilitoka juu, kwa sababu mfumo wao wa serikali za mitaa unaruhusu. Kwetu haiwezi kutoka juu bila kuleta ugomvi wa kikatiba, na ndiyo maana lazima itoke kwenu.

Inavyoweza kufanyika si siri. Mzigo utozwe mara moja tu, mahali ulikotoka. Risiti iwe na namba ambayo askari wa kaunti yoyote kati ya sita anaweza kuihakiki kwenye simu, na akishaihakiki aliache gari lipite. Kaunti ambayo barabara zake za mashambani zinaharibiwa na malori ya jirani ipewe sehemu ya ushuru huo kwa hesabu itakayokubaliwa na kuchapishwa. Mombasa itoze Kongowea ada ya huduma inayotolewa kweli: choo safi, taa, taka kuzolewa, paa lisilovuja. Ninyi mtasema mapato yatashuka, na wasiwasi huo nauheshimu, kwa sababu najua mgao kutoka Hazina huchelewa na mishahara haingoji. Lakini kizuizi nacho kina gharama. Kina wafanyakazi, kina gari, na pesa nyingi zinazopita pale hazifiki kwenye akaunti ya kaunti. Kaunti ikipata ushuru kamili mara moja kwa kila mzigo, kwa njia ya simu, huenda ikapata zaidi ya inavyopata sasa kwa kuwavizia watu barabarani.

Kama kuna anayedhani uchumi wa kaunti yake unaweza kusimama peke yake, na akumbuke mwaka 2019. Serikali kuu ilipoamuru mizigo iliyoagizwa kutoka nje iende Nairobi kwa reli mpya, watu wa Mombasa waliandamana na amri hiyo ikasitishwa kwa muda. Lakini kilio hakikuwa cha Mombasa tu. Mariakani iko Kilifi. Samburu iko Kwale, na Mackinnon Road inagombaniwa na Kwale na Taita Taveta. Maungu na Voi ziko Taita Taveta. Kila mahali malori yalipokuwa yakisimama palikuwa na mpishi, fundi wa magurudumu, mwenye gesti na muuza vipuri, na wote hao waliona mikono yao ikikauka. Shughuli za kutoa mizigo ziliporudishwa Mombasa kwa tangazo la Rais siku ya kuapishwa kwake, tarehe 13 Septemba 2022, waliofurahi walikuwa njia nzima. Ile ilikuwa hoja ambayo kaunti zote sita zingeipeleka Nairobi kwa kauli moja tangu siku ya kwanza. Badala yake wakazi, wenye malori na mashirika ya kiraia ndio waliobeba mzigo huo barabarani, Jumatatu baada ya Jumatatu.

Nije kwenye maji, na hapa nitakaa kidogo.

Mombasa ina watu zaidi ya milioni 1.2 kwenye kilomita za mraba zisizofika 300, na haina mto. Visima vyake vingi vina chumvi. Maji inayoyategemea yanatoka kwa majirani: chemchemi za Mzima zilizo Taita Taveta, ambazo bomba lake limekuwa likiteremsha maji hadi Pwani tangu miaka ya 1950, visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, Kilifi, visima vya Tiwi na chemchemi za Marere, Kwale. Sasa Bwawa la Mwache linajengwa Kinango, Kwale, na sehemu kubwa ya maji yake inatarajiwa kwenda Mombasa vilevile.

Mtu wa Taita Taveta analitazama bomba la Mzima likipita karibu na kijiji chake naye akiwa na mtungi kichwani. Nimewasikia wazee wa huko wakilizungumzia jambo hili, na hawapigi kelele. Wanauliza tu, kwa nini maji ya kwetu yawe ya kwao kwanza? Ni swali la haki. Upande wa pili, mama wa Mikindani au Kisauni anafungua mfereji unaotoa hewa, halafu ananunua maji ya mkokoteni kwa mtungi wa lita 20, bei inayopanda kila mfereji unapokauka. Naye analipa zaidi kuliko tajiri wa Nyali mwenye kisima na mashine ya kuchuja chumvi. Wote wawili wanaumizwa na mpangilio mmoja. Maji yanasimamiwa na wakala wa serikali kuu, yanauzwa kwa jumla kwa kampuni za maji za kaunti, kampuni zinashindwa kulipa, madeni yanarundikana, umeme wa kusukuma maji Baricho unakatwa kwa deni, na mji mzima unakauka kwa siku kadhaa. Kila kaunti inailaumu nyingine na wote mnaulaumu wakala.

Huduma za maji na usafi ni jukumu ambalo Katiba imeliweka kwenye kaunti. Basi lichukueni kwa pamoja. Kaunti za vyanzo, yaani Taita Taveta, Kilifi na Kwale, zipate malipo yanayojulikana kwa kila mita ya ujazo inayovuka mpaka, na pesa hizo zifungwe kisheria zitumike kwanza kuwapelekea maji watu wa vijiji vinavyopitiwa na mabomba na kulinda misitu inayonywesha vyanzo hivyo. Mombasa nayo ipate uhakika wa kiasi cha maji kwa mwaka ili iweze kupanga na kulipa. Mita ziwekwe mpakani, na zisomwe na watu wa pande zote mbili. Gavana wa Mombasa, nakuomba wewe hasa uwe wa kwanza kulizungumza hili hadharani. Kaunti yako ndiyo yenye kiu na ndiyo inayokusanya mapato ya ndani mengi zaidi kati ya sita. Ukianza wewe kusema kwamba utalipa, hakuna jirani atakayekataa kuketi.

Kwa watu wa Kinango wanaohamishwa kupisha Bwawa la Mwache nasema kwa mkato: hawapaswi kuwa wa mwisho kufungua mfereji.

Viwanda sasa. Pwani hii ilikuwa navyo. Ramisi palisagwa miwa hadi kiwanda kilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Malindi palikuwa na kinu cha pamba. Kilifi kiwanda cha korosho kilianza miaka ya 1970 kikazimika mwishoni mwa miaka ya 1990, na kwa kipindi hicho kizima mkulima wa Kwale, wa Kilifi na wa Lamu alijua korosho zake zinakwenda wapi. Kilipokufa, mikorosho ilikatwa kuwa makaa. Mwaka 2009 Serikali ilipiga marufuku kusafirisha nje korosho ghafi ili zibanguliwe hapa nchini. Nia ilikuwa njema. Lakini marufuku haifufui mti uliozeeka, na mkulima asiye na mnunuzi wa uhakika hapandi mti utakaomlipa baada ya miaka mitatu au minne.

Tazameni tunachofanya leo. Kwa mpango wa serikali kuu na kaunti, kila kaunti inajengewa kituo chake cha kukusanya mazao na viwanda, hivi tunavyoviita CAIP, kwa gharama ya shilingi milioni 500, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti. Sita zenu ni shilingi bilioni 3. Ni pesa nyingi, na zitaleta tija kubwa au zitabaki mabanda. Kila kaunti ikijenga mtambo wa maembe, mtambo wa nazi na mtambo wa korosho, yote itakufa njaa, kwa sababu msimu wa embe ni wa miezi michache na hakuna kaunti moja yenye mazao ya kutosha kuuweka mtambo mkubwa kazini mwaka mzima. Lamu, kwa mfano, ndiyo kaunti yenye watu wachache kuliko zote Kenya, 143,920 kwa sensa ya 2019. Ina korosho, ina ufuta, ina pamba ya Mpeketoni, ina samaki. Haiwezi kujenga kila kitu, na haihitaji.

Gawaneni kazi. Maembe ya Tana na Magarini yakamuliwe mahali pamoja, karibu na yalipo, na mtambo huo huo ukimaliza embe ukamue ndizi za Taveta au machungwa na kunazi za wakati wake. Nazi, ambazo nyingi ziko Kilifi na Kwale, ziwe na makao yake. Mrangi (bixa) wa Kwale na Lamu uwe na makao yake. Samaki waingie Shimoni na Lamu, barafu na maghala ya baridi yawe Mombasa penye umeme na meli. Vito vya Taita vichongwe Voi, visiondoke kwenye mfuko wa suruali ya dalali. Miche bora itoke kituo cha utafiti cha KALRO kilichoko Mtwapa, ambacho kimeshughulikia minazi, mikorosho na miembe kwa miaka mingi, na igawiwe kwa kaunti zote bila kuulizana kituo kiko kaunti ya nani. Kaunti iliyopata mtambo igawane faida na kaunti iliyoleta malighafi, kwa hisa zilizoandikwa, na wakulima wenyewe wakiwemo kupitia vyama vyao vya ushirika.

Msiseme haijawahi kutokea. Kule Lindi, Tanzania, wilaya tatu za Ruangwa, Nachingwea na Liwale zina chama kikuu kimoja cha ushirika, RUNALI, na Tandahimba na Newala za Mtwara zina chao, TANECU. Korosho hukusanywa kwenye maghala, zikapimwa, zikapigwa mnada mbele ya wakulima, chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/08. Mfumo huo una kasoro, na wakulima wa huko wamewahi kucheleweshewa malipo wakalalamika kwa haki. Lakini dalali haingii shambani akataja bei anayoitaka. Bei inajulikana redioni siku ile ile. Mkulima wetu wa Msambweni, aliye mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Tanzania, anayasikia hayo na kujiuliza kwa nini yeye bado anauza kwa debe lililobonyezwa chini.

Yako mengine ambayo sitayarefusha. Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi wetu bado tunaiita Makadara, ilijengwa kuwa ya mkoa mzima na bado inatibu mkoa mzima, lakini bajeti yake imekuwa ya kaunti moja. Wauguzi wake wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Utalii nao: Mji Mkongwe wa Lamu, kaya za Wamijikenda, Fort Jesus na Gede zote zimo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na Tsavo iko mlango wa pili. Bado kila kaunti inajitangaza kivyake kwenye maonyesho ya nje, kila moja na kibanda chake na ujumbe wake wa maafisa. Kibanda kimoja chenye jina la Pwani kingetosha, na pesa zingine zikaweka choo na maji Gede.

Kuhusu njia ya kisheria, Katiba imeshaifungua. Kifungu cha 189 kinaruhusu serikali za kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja, na Sheria ya Mahusiano Baina ya Serikali ya 2012 inaeleza namna. Jumuiya za kaunti hazikutajwa kwa jina kwenye Katiba, na hiyo ndiyo sababu zimebaki dhaifu nchini kote, kuanzia ile ya kaunti 14 za eneo la Ziwa hadi ya kwetu: zinategemea hiari ya magavana walioko, na michango inakuja gavana anapopenda. Mswada mmoja uliopitishwa na mabunge yote sita utaondoa hiari hiyo.

Najua hofu iliyopo, na afadhali isemwe. Kaunti ndogo zinaogopa kumezwa na Mombasa. Tana River ina zaidi ya kilomita za mraba 35,000 na watu wachache waliotawanyika, na kila wanapoitwa mezani huona keki imeshakatwa. Katika sera ya kwanza ya Hazina ya Usawazishaji, kaunti tano kati ya sita zenu zilihesabiwa miongoni mwa 14 zilizoachwa nyuma kuliko zote nchini. Mombasa pekee haikuwemo. Kwa hiyo kila kaunti iwe na kura moja, bila kujali idadi ya watu. Uenyekiti uzunguke. Ofisi zisirundikwe kisiwani Mombasa. Ya maji iwe Voi, ya mazao iwe Malindi au Garsen, ya uvuvi iwe Lamu. Vitabu vya hesabu vya Jumuiya vikaguliwe na Mkaguzi Mkuu na vibandikwe kwenye makao makuu ya kila kaunti. Migogoro ya mipaka, kama ule wa Mackinnon Road, isitumiwe kuvunja mazungumzo ya ushuru. Wakati mpaka unasubiri kuamuliwa, mapato ya eneo linalogombaniwa yawekwe kwenye akaunti ya pamoja na yajenge soko la watu wa hapo hapo.

Wawakilishi wa wadi nao wasiwe wa mwisho kuonyeshwa mswada huo. Wengi wao watapinga chochote kinachoonekana kupunguza mapato ya wadi zao, na wana haki ya kuuliza. Wapeni hesabu mapema. Wapelekeni wakaone lori kizuizini saa saba mchana. Mswada uandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, usomwe kwenye redio zetu, upelekwe Hola, Faza, Wundanyi, Vanga na Mariakani kabla haujafika bungeni, na wakulima, wavuvi na wachuuzi wapewe muda wa kutosha kuusema, si asubuhi moja ya chai na mandazi kwa watu waliochaguliwa.

Muda wenyewe si mrefu. Agosti 2027 tutakwenda kupiga kura, na baada ya hapo baadhi ya viti vyenu vitakaliwa na wengine. Kinachoweza kubaki baada yenu ni sheria iliyopitishwa, si picha ya pamoja ya mkutano. Anzeni na ushuru wa maembe, maana hilo linaweza kuamuliwa na maafisa sita wa mapato na mawakili sita wa kaunti kwa muda mfupi mkiwaagiza. Maji yafuate, kisha mgawanyo wa viwanda kabla mabanda ya CAIP hayajapewa mitambo inayofanana.

Waheshimiwa, iteni kikao, mtutangazie tarehe, na mtuambie hadharani ni kaunti gani imekubali na ni ipi imekataa, ili nasi tujue pa kwenda kuuliza.

Wasalaam,
Mkazi wa Pwani